Bwawa moja, chakula kimoja, mmoja gramu 350 mwingine 80: eti ni "herufi zinazojirudia" kwenye DNA ya samaki?

#1 MfugajiUyole

Wakuu, heshima kwenu. Niko Uyole, Mbeya, nina mabwawa mawili ya sato. Mwezi wa nane mwaka jana nilipandikiza vifaranga 1,200 kwenye bwawa kubwa, wote wa umri mmoja, kutoka kwa muuzaji mmoja. Jumamosi iliyopita nimevuta wavu. Wa juu kabisa kapiga gramu 350. Wa chini gramu 80. Nimewaweka wawili hao kwenye beseni moja nikawatazama muda mrefu. Yule mdogo ana kichwa cha samaki mzima na macho yamemtoka, lakini mwili umegoma kufuata. Siyo mgonjwa, anaruka vizuri tu.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "Hao DNA yao ina herufi zinazojirudia mara nyingi mno, mbegu imechoka. Nina mbegu mpya." Mbegu mpya ni bei mara mbili.

Sijaja hapa kumshitaki mtu, ndiyo maana simtaji. Nataka kujua kitu kimoja: herufi kujirudia kwenye DNA ni nini hasa, na kweli inaweza kumfanya samaki adumae? Mimi ni mkulima wa viazi, msinionee huruma, nielezeni mpaka nielewe.

#2 Mdadisi_Soweto

Hiyo chai, mkuu. Sisi tulifundishwa kwamba sehemu kubwa ya DNA inayojirudia ni takataka, haitengenezi protini yoyote. Kitu kisicho na kazi kitamdumazaje samaki? Muuzaji kakutana na neno kwenye simu yake akaona linafaa kupandishia bei. Leteni ushahidi wa samaki, siyo maneno.

#3 MwalimuWaBaiolojia

Kamwene nyote, niko Iringa. Mdadisi, hilo la takataka lilifundishwa kweli, nami nimelifundisha miaka kadhaa. Limepitwa.

MfugajiUyole, DNA imeandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Kuna mahali mwandiko unakwama kwenye silabi moja: CACACACACA, mara kumi na tano, mara thelathini. Vipande hivyo vinaitwa microsatelaiti. Viko kwa samaki, kwa ng'ombe, kwako na kwangu. Kwa hiyo "ina herufi zinazojirudia" peke yake haisemi kitu, kila samaki anazo. Swali ni zinajirudia mara NGAPI, na ziko WAPI.

Idadi inabadilika namna hii. Aliyewahi kuchuma chai Mufindi au Rungwe atanielewa. Mistari ya chai inafanana yote. Ukiacha kazi ukaenda kula, ukirudi unaweza kuingia mstari ambao umeshauchuma, au ukaruka mmoja. Kimeng'enya kinachonakili DNA hufanya vivyo hivyo kikifika kwenye CACACA: uzi mpya unateleza, unajishika hatua moja mbele au nyuma, na mtoto anazaliwa na marudio 21 wakati mzazi alikuwa na 20. Kuteleza huku hutokea mara maelfu kuliko herufi ya kawaida kubadilika. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana hapo hapo.

#4 NesiMafinga

Naongezea kwa upande wa binadamu. Selimundu tunayoijua wote ni herufi moja tu kubadilika kwenye jeni la himoglobini. Ila kuna ugonjwa wa Huntington, huo ni marudio. Silabi CAG inajirudia ndani ya jeni. Ikifika 40 na kuendelea, mtu akiishi umri wa kutosha ataugua, ubongo unaharibika taratibu. Jeni lenyewe lilipatikana mwaka 1993. Na kuna hali nyingine ya watoto kuchelewa akili ambapo CGG ikizidi marudio 200 jeni linazimwa kabisa, linakuwepo lakini halisomwi.

Kwa hiyo Mdadisi, takataka hiyo inaua.

#5 Mdadisi_Soweto

Asante dada nesi, nimekubali kwa binadamu. Ila uzi ni wa samaki. Bado nasubiri.

#6 MtafitiKijana_Rungwe

Ugonile MfugajiUyole. Mimi nasoma mambo ya samaki na kazi yangu ya kila siku ni kuhesabu hayo marudio, kwa hiyo uzi huu umenikuta nyumbani.

Mdadisi, ushahidi upo, tena ni wa jamii ya sato wenyewe. Mwaka 2002 watafiti wawili, Streelman na Kocher, walichapisha kazi juu ya sato waliochanganywa: sato wa Nile kwa sato wa Msumbiji. Walitazama jeni la homoni iitwayo prolaktini. Kwa samaki homoni hii ndiyo inayomsaidia kushikilia chumvi mwilini akiwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Mbele ya jeni hilo, mahali panapoamua lisomwe kwa kiasi gani, kuna kipande cha marudio ya herufi mbili mbili.

Walichokiona: samaki waliorithi kipande kirefu kwa baba na kwa mama walitoa prolaktini KIDOGO kwenye maji yasiyo na chumvi, lakini wakatoa NYINGI kuliko wenzao walipowekwa kwenye maji yenye nusu ya chumvi ya bahari. Na ukuaji wao kwenye hiyo chumvi nao ulitofautiana kulingana na urefu wa kipande.

Sasa ona: protini yenyewe ni ile ile. Kilichobadilika ni kiasi, na ni kwa ajili ya urefu wa maneno yasiyo na maana yaliyo mlangoni. Nilipoisoma mara ya kwanza sikulala vizuri, nilikuwa nawaza ni milango mingapi mingine iko hivyo.

#7 MtuWaMbarali

Hapo nimeelewa kwa lugha ya kwetu. Jeni ni shamba, kipande hicho ni banio la maji ya mfereji. Shamba halijabadilika ukubwa wala udongo, ila banio ukilibana au ukilifungua ndiyo utajua nani anavuna na nani analia. Na banio hilo hilo likifaa kiangazi, masika linaweza kukuzamisha. Nimekosea, mtafiti?

#8 MtafitiKijana_Rungwe

Hujakosea hata kidogo. Na hiyo sentensi ya mwisho ndiyo watu wengi wanaisahau: kipande kirefu hakikuwa kibaya wala kizuri, kilitegemea maji.

#9 MamaNeema_Kyela

Nyie wanangu mnaandika vizuri ila hakuna aliyeuliza swali la mwuza samaki. MfugajiUyole, hao wadogo ulipowageuza tumbo, ni majike au madume? Mimi nimeuza samaki Kyela miaka mingi. Perege wa bwawani jike anatamia mayai mdomoni, na siku zote hizo hali. Akimaliza anakula wiki chache, anatamia tena. Huyo atanenepa lini? Dume yeye anakula tu na kugombana.

Na kingine, acheni kuita kila kitu sato. Sato ni wa Victoria. Huku kwetu ni perege.

#10 MzeeWaMtera

Mama Neema, nakuunga mkono asilimia mia. Mtera tumevua perege tangu bwawa lijae, hawa vijana walipokuja na neno sato tukadhani ni samaki mpya. Kumbe bei ndiyo mpya.

#11 MfugajiUyole

Shikamoo mama. Kusema kweli sikuwageuza. Muuzaji aliniambia wote ni madume, wamelishwa dawa ya kubadili jinsia wakiwa wadogo, kwa hiyo sikuona sababu. Nitavuta tena.

#12 AfisaMstaafu_Njombe

Marahaba kwa watakaonipa. Nimefanya kazi ya ugani wa samaki mpaka nikastaafu, na nasema haya kwa kuwapenda: mmerukia ghorofani bila kupita ngazi.

Uyole ni juu. Sato wa Nile anataka maji ya nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 17 au 16 anaacha kula, yakikaribia 10 anakufa. Bwawa la Mbeya mwezi wa sita na wa saba linakaa wapi? Katika baridi hiyo samaki aliyetangulia kidogo kwa ukubwa ndiye anayewahi chakula kile kidogo kinacholiwa saa za mchana. Mkubwa anamfukuza mdogo, mdogo anaishi kwa hofu pembeni. Baada ya miezi sita tofauti ya gramu mbili imekuwa gramu mia mbili. Hapo hakuna herufi iliyojirudia. Kuna mtu ambaye hakuchambua samaki kwa ukubwa kila mwezi.

Halafu kuna suala la wazazi. Wazalishaji wengi huku juu wanatumia wazazi wale wale, kisha watoto wao, kisha wajukuu. Ndugu kwa ndugu. Hiyo ndiyo "mbegu imechoka" ya kweli. MfugajiUyole, muulize huyo muuzaji wazazi wake kawatoa wapi na lini.

#13 Mdadisi_Soweto

Afisa umeongea. Kwa hiyo mpaka sasa tuna: marudio, jinsia, baridi, ubabe, na undugu. Mfugaji kaja na swali moja anaondoka na matano.

#14 BaridiYaMakete

Samahani naingia pembeni. Sisi Makete barafu asubuhi ni jambo la kawaida. Nilisikia kuna samaki wa nchi za barafu ambao damu haigandi, na nilisikia siri yao nayo ni marudio. Kama ni kweli, kwa nini tusipate sato wa namna hiyo? Hata trauti si ana hiyo kitu?

#15 MtafitiKijana_Rungwe

Trauti hana, yeye ni mpenda baridi tu, maji yakiganda naye anaganda. Unaowazungumzia ni samaki wa bahari ya Antaktika, kule maji yako karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri na bado ni maji kwa sababu ya chumvi. Damu yao ina protini inayoshika chembe za barafu zisikue. Na ndiyo, protini hiyo ni marudio matupu: viungo vitatu vya kujengea protini, treonini, alanini, alanini, vinajirudia kama kiitikio. Jeni lake lilitokana na jeni la kimeng'enya cha kusaga chakula, kipande kidogo kikajirudia rudia mpaka kikawa kitu kipya. Hiyo ilionyeshwa mwaka 1997.

Kinachonishangaza zaidi: samaki wa kaskazini ya dunia, jamii ya wale Wazungu wanaowaita cod, nao wana protini inayofanana sana, viungo vile vile vitatu, lakini waliipata kivyao, kutoka mwanzo mwingine. Koo mbili ncha mbili za dunia, kiitikio kimoja.

#16 MwalimuWaBaiolojia

Niweke sawa hapo ili watu wasichanganye mafaili mawili. Marudio ya #6 yako NJE ya protini, yanaamua kiasi. Marudio ya #15 yako NDANI, yanaamua protini yenyewe iweje. Huntington ya nesi nayo ni ndani. Ile ya CGG ni nje.

Mfano mwingine wa ndani: samaki wa salimoni aitwaye chinuku, pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Ana jeni la saa ya mwili, lina sehemu inayojirudia, na mwaka 2008 walionyesha kwamba urefu wa sehemu hiyo unabadilika kadiri unavyokwenda kaskazini. Yaani saa ya samaki inarekebishwa kulingana na urefu wa mchana wa mahali anapozaliana.

#17 Mdadisi_Soweto

Mwalimu, hiyo nimeitafuta usiku huu. Mmoja wa watafiti hao alirudi mwaka 2010 na wenzake wengine wakapima jamii nyingine tatu za salimoni. Salimoni mmoja akaonyesha mpangilio huo, wawili hawakuonyesha. Kama marudio ndiyo yanarekebisha saa, kwa nini wale wawili wanahamahama bila shida na bila mpangilio huo?

#18 MwalimuWaBaiolojia

Asante, uko sahihi, nilipaswa kulisema. Huenda kwa wale wawili kazi hiyo inafanywa na jeni lingine. Au kwa chinuku ni historia ya kuhama kwa koo zake, siyo saa.

#19 MtotoWaMasoko

Ngojeni niwaulize kitu cha nyumbani. Mimi nimekulia Masoko, Rungwe, karibu na ziwa ambalo wazee wanaliita Kisiba. Lile ambalo inasemekana Wajerumani walitupa fedha na silaha wakati wa vita ya kwanza. Tukiwa watoto tulikuwa tunavua kwa ndoano ya pini. Pembeni tulipata visamaki vya manjano. Kaka yangu aliyekuwa na mtumbwi akishusha mshipi katikati kwenye kina alipata vya buluu iliyoiva, karibu nyeusi. Vyote umbo lile lile la kibua, vyote vina vidoa vya rangi ya chungwa kwenye pezi la nyuma chini ya tumbo. Bibi alisema ni samaki mmoja, wa buluu "ameona giza". Je, ni marudio?

#20 MtafitiKijana_Rungwe

Mtoto wa Masoko, umenifanya nisimame kwenye kiti! Samaki wako ni maarufu duniani. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza pamoja na wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, walichapisha kazi kuhusu ziwa hilo hilo. Ziwa lina upana wa kama mita 700, linakadiriwa kuwa na miaka 50,000 hivi. Waliona kwamba wa manjano wa pembeni na wa buluu wa kinani wanaachana kuwa aina mbili, na wameanza kuachana ndani ya miaka 500 hadi 1,000 tu. DNA yao inafanana karibu yote, isipokuwa vipande 98 vilivyosimama kama visiwa. Baadhi ya vipande vina jeni za kuona, maana kinani mwanga ni wa buluu na hafifu. Bibi yako hakuwa mbali.

Sasa kuhusu marudio. Kuna aina ambayo hatujaigusa: vipande vinavyojinakili na kurukia mahali pengine kwenye DNA. Siyo kuteleza kama kwenye chai, hivi vinahama. Vile vidoa vya pezi la nyuma ulivyoviona ni mfano. Jike hutaga, anazoa mayai mdomoni, kisha anaona vidoa kwenye pezi la dume, anadhani ni mayai yaliyobaki, anavisogelea, hapo dume anamwaga mbegu. Mwaka 2014 ilichapishwa kwamba kwa samaki wenye vidoa hivyo, kipande cha kurukaruka kiliingia karibu na jeni moja linalohusika na rangi na kubadilisha lisomwe wapi. Mwaka huo huo DNA nzima za samaki watano wa jamii hii wa Afrika zilitangazwa, mmoja wao wa Victoria aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, na humo walikuta vipande vya kuruka vikiambatana na mabadiliko ya usomaji wa jeni, pamoja na jeni nyingi zilizojirudufu.

#21 MamaNeema_Kyela

Jike anadanganywa na pezi. Nimeuza samaki hao maisha yangu yote sijawahi kujua vile vidoa ni vya nini. Mungu fundi.

#22 MwalimuWaBaiolojia

Mtafiti, kwa Masoko nitakupinga kidogo. Kuna kazi ya baadaye, 2022, juu ya samaki hao hao, iliyotazama alama za kemikali zinazobandikwa juu ya DNA bila kubadilisha herufi hata moja. Alama hizo zinatofautiana kati ya wa manjano na wa buluu, na walipolelewa pamoja mahali pamoja baadhi ya tofauti zilibadilika. Kwa hiyo sehemu ya kuachana kwao inaweza kuwa ni alama, siyo herufi. Na kwa jamaa zao wa Ziwa Nyasa, aina zaidi ya 800 huko, ukichukua aina mbili tofauti herufi zinatofautiana chini ya asilimia 0.3. Midomo, meno, rangi, tabia, vyote tofauti. Mimi naona jibu liko kwenye namna ya kusoma.

#23 MtafitiKijana_Rungwe

Lakini mwalimu, alama hizo hupenda sana kukaa juu ya vipande vya kurukaruka. Mwili unavibandika ili kuvizima. Kwa hiyo hata hoja yako inanirudisha kwenye marudio.

#24 MwalimuWaBaiolojia

Au inakurudisha kwenye alama. Tutakesha.

#25 MtuWaMbarali

Swali la mkulima: banio likijirudia mno, haliwezi kubomoka?

#26 MtafitiKijana_Rungwe

Swali lako ni kubwa kuliko unavyodhani. Linabomoka. Kuna kisamaki cha Ulaya na Amerika chenye miiba mgongoni na tumboni. Wale wa baharini wana miiba ya tumboni, baadhi ya walioingia kwenye maziwa madogo wameipoteza, ziwa hili kivyake na lile kivyake. Mara nyingi walipotazama, walikuta kipande kile kile cha mlango wa jeni moja kimekatika. Kwa nini mara nyingi hapo? Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba hapo pana marudio marefu ya TG. Marudio hayo yanafanya uzi wa DNA ujisokote kinyume. Kama umewahi kusokota kamba ya katani ukageuza mkono katikati, unajua hapo ndipo itakapokatika. Samaki wale hawakungoja bahati, walikuwa wamebeba mahali pa kukatikia.

Na CA ya prolaktini ukiisoma upande wa pili wa uzi ni hiyo hiyo TG. Kwa panya iliwahi kuonyeshwa kwamba marudio hayo karibu na jeni la prolaktini hujisokota kinyume na kupunguza usomaji. Inawezekana kwa sato ni jambo hilo hilo.

#27 AfisaMstaafu_Njombe

Nimesoma yote, nimejifunza mengi, asanteni. Lakini bado nauliza: maji ya Uyole hayana chumvi ya bahari. Kazi ya 2002 ilionyesha tofauti ya ukuaji samaki walipopewa chumvi. Tusije tukamkabidhi yule muuzaji ushahidi asiostahili. Hajapima marudio ya samaki hata mmoja.

#28 NesiMafinga

Na hilo ndilo linaloniuma. Mtu akitumia neno la kitaalamu kumwuzia mkulima kitu, neno lenyewe linachafuka. Kesho mkulima akisikia "vinasaba" atakimbia.

#29 MtafitiKijana_Rungwe

Kweli kabisa, Mzee Afisa, kwa samaki wa Uyole hakuna aliyepima. Marudio yangeweza kusaidia kwa njia nyingine lakini: kama kipimo cha ukoo. Ukichukua sehemu kumi na tano hivi za DNA ukahesabu marudio kwa kila samaki, utajua kama wazazi walikuwa wengi au ndugu wachache. Huko hakuna anayedai marudio yanadumaza, yanatumika kama alama ya sikio ya ng'ombe. Hoja yako ya undugu ingejibiwa hapo.

Na kuhusu jinsia, Mama Neema alikuwa na haki. Kwa sato wa Nile dume anakuwa dume kwa sababu ya jeni lililojirudufu: nakala ya pili ya jeni moja ilitua kwenye kromosomu Y, ikabadilika herufi moja, ikawa ndiyo swichi ya udume. Ilichapishwa 2015. Dawa ya muuzaji inajaribu kupita juu ya swichi hiyo, na kipimo kikikosewa majike wanabaki.

#30 BaridiYaMakete

Kwa hiyo hata udume ni marudio. Naenda kulala, baridi imezidi.

#31 MfugajiUyole

Wakuu, nimerudi, ni wiki saba. Samahani kwa kimya, ilikuwa msimu wa viazi.

Nilivuta wavu alfajiri siku tatu baada ya ujumbe wa Mama Neema. Nikatenga arobaini wadogo kabisa, nikawageuza mmoja mmoja kwenye kitambaa chenye maji kama alivyonielekeza mke wangu, maana yeye ana mkono mwepesi kuliko mimi. Majike 27. Madume 13. Wawili kati ya majike walikuwa na mayai mdomoni, walipobanwa kidogo yakamwagika kwenye beseni kama ulezi. Shikamoo tena mama. Kwa hiyo "wote madume" haikuwa kweli.

Ila wale madume 13 walinisumbua kichwa. Nikawahamishia bwawa dogo peke yao, hakuna mkubwa wa kuwatisha, chakula kile kile. Juzi, baada ya wiki sita, nimewapima. Tisa wamefika kati ya gramu 115 na 130, wamenyooka, vichwa na miili vimeanza kulingana. Wanne wako kati ya 85 na 90. Hawajasogea. Wanakula, nimewaona kwa macho yangu wakija juu.

#32 AfisaMstaafu_Njombe

Tisa ni wangu. Hao walikuwa wamebanwa na wakubwa. Hao wanne fungua matamvua ya mmoja, tazama kama yamepauka au yana minyoo.

#33 MamaNeema_Kyela

Na 27 ni wangu.

#34 MfugajiUyole

Nimemfungua mmoja, Mzee. Matamvua mekundu safi, tumbo lina mafuta kidogo, hakuna mnyoo niliouona.

#35 MtafitiKijana_Rungwe

Hao watatu waliobaki usiwachinje, tafadhali. Kata ncha ya pezi la mkia, ukubwa wa punje ya mchele, weka kwenye kichupa chenye spiriti, kila mmoja chake. Fanya hivyo pia kwa watatu kati ya wale tisa na watatu wa gramu 350. Pezi litaota tena.

#36 MwalimuWaBaiolojia

Na kama herufi zitakuwa sawa kwa wote, ukumbuke hoja yangu ya alama.

#37 Mdadisi_Soweto

Kabla ya pezi, kuna mtu ameuliza nyuzi za maji za bwawa dogo? Afisa alilisema #12 na hatujapata namba mpaka leo.

#38 MfugajiUyole

Nimenunua kipimajoto jana. Leo saa 12 asubuhi nyuzi 18, saa 9 mchana 22, bwawa dogo. Bwawa kubwa asubuhi 19. Nitapima kila siku mpaka mwezi wa nane na kuandika humu. Vichupa vitatu vya spiriti nimeshapata, bado sita.